Mayoglobini ya Mkono wa Kushoto

Nilipofungua ripoti ya tisa ya wanafunzi wangu nilishtuka kama mtu aliyekuta unywele ndani ya uji. Protini iliyokuwa mbele yangu ilikuwa imesokotwa kuelekea kushoto. Ya nane nayo vilevile. Nikapekua zote ishirini na sita: kumi na tisa zilikuwa na picha ile ile moja, iliyochorwa na mwenzao aliyefanya kazi, iliyovalishwa rangi tofauti na kugeuzwa kama kwenye kioo ili wizi usitambulike.

Nipo mwaka wa tatu wa biokemia, na muhula ule Daktari, mhadhiri wetu, alikuwa amenikabidhi vipindi vya vitendo vya mwaka wa pili. Kwa wiki sita, katika chumba chenye kompyuta kumi na tatu na feni moja inayolia kama bawaba yenye kutu, niliwafundisha kuichora mayoglobini, protini inayotunza oksijeni ndani ya misuli. Niliwaonyesha namna ya kuizungusha kwa kipanya, kuuficha uso wake wa nje, na kupenya hadi kwenye chembe ya chuma iliyojificha katikati.

"Nyosheni dole gumba la mkono wa kulia kuelekea juu," niliwaambia kila Jumanne. "Vidole vinavyokunjika, ndivyo msokoto unavyopanda. Mkiona unaokwenda kinyume, mjue mmekosea."

Niliamini, na bado naamini, kwamba mtu akishaona oksijeni inavyokaa mahali pake, hawezi tena kuudharau mwili wa binadamu.

Nikamwita kiongozi wa darasa, wanayemwita Mheshimiwa kwa sababu hajawahi kujibu swali bila kusafisha koo.

"Shikamoo, dada," alisema akichekelea, ilhali tunalingana umri.

"Usiniamkie. Hii ni nini?" Nikamgeuzia skrini.

Akasafisha koo. "Mayoglobini."

"Mayoglobini ya namna hii haimo katika mwili wa kiumbe yeyote. Mmeigeuza."

"Aa, dada, picha ni picha. Ukiigeuza si bado ni ile ile?"

"Kajitazame kwenye kioo, uniambie saa yako iko mkono gani."

Aliitazama saa yake kana kwamba imemsaliti. "Lakini rangi tulichagua wenyewe. Jasho letu lilitoka hapo."

"Mwacheni Mheshimiwa, alitokwa na jasho la zambarau!" mwanafunzi mmoja alidakia mlangoni, na wenzake wakaangua kicheko.

Sikucheka. Mkobani nilikuwa na fomu niliyotakiwa kutia saini, kuthibitisha kwamba kila mwanafunzi alichora protini yake mwenyewe. Bila saini hiyo alama zisingepelekwa. Na Daktari alikwisha kunidokeza kwamba nikichelewesha alama, vipindi vyangu vya Jumanne vitapata mwalimu mwingine. Nilivipenda vipindi vile kuliko kitu chochote nilichopata kukifanya.

Nilimkuta Daktari ofisini akijichokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu.

"Binti yangu, funika kombe mwanaharamu apite," alisema nilipomaliza kueleza. "Nimeshawapa wote alama kumi na nane kati ya ishirini."

"Umeziona picha, Daktari?"

"Zinapendeza sana."

"Zimesokotwa kushoto."

"Kushoto, kulia! Wewe una jicho kali, ndiyo maana nilikuchagua. Ripoti yako ya mwaka jana ilizipita zote. Ipo hapo kabatini, huwa nawaonyesha wageni."

Nikaitoa. Juu ya jalada paliandikwa "Bora kabisa" kwa wino mwekundu. Maneno hayo mawili nilimsomea mama kwenye simu, naye akayarudia kwa sauti ili baba asikie. Nikakumbuka pia kwamba siku ya kuiwasilisha niliikimbiza kutoka kwenye printa wino wa picha ukiwa bado mbichi.

Kurasa za ndani zilikuwa zimegandana. Nilizivuta polepole, zikachanika, na mayoglobini niliyoihangaikia siku tisa ikabaki nusu huku, nusu kule. Hakuna aliyewahi kuifungua.

Daktari alininyooshea kalamu. Kwenye ncha ya kifuniko palikuwa na kitu cha manjano.

"Ninayo yangu," nikasema. Kwenye fomu, katika nafasi ya saini, nikaandika: *Waliochora wenyewe ni saba. Kumi na tisa wamenakili.* Chini yake nikatia jina langu kamili.

Aliisoma fomu ile mara mbili. Nadhani ndiyo karatasi pekee niliyowahi kumpa akaisoma.

"Basi Jumanne usisumbuke kuja," alisema.

"Sawa, Daktari."

Mheshimiwa alikuwa akinisubiri ukumbini. "Dada, umetupitisha?"

"Hapana. Na Jumanne mtapata mwalimu mwingine."

"Sasa nani atatuonyesha?" Lilimtoka hivyo hivyo, koo halijasafishwa.

Nilimpita haraka. Nilikuwa natafuta bomba ninawe mikono, ingawa kalamu ya Daktari sikuigusa.