Rudisha kwa Marekebisho

Mkuu wa Idara ya Sayansi ya Utawala hakuwahi kuidhinisha kitu chochote mara ya kwanza, na alijivunia hilo kama wenzake wanavyojivunia watoto waliofaulu. Barua ya kuomba wino wa printa aliirudisha. Ratiba ya mitihani aliirudisha, na wanafunzi wakafanya mitihani yote wakaimaliza, ratiba ikiwa bado mezani kwake. Binti yake wa kwanza alipokaribia kuolewa, mkewe alimwonyesha kadi ya mwaliko, kwa nia njema kabisa. Bwana akatoa kalamu nyekundu mfukoni. Wageni wa harusi ile walialikwa kwa simu.

Chuo kizima kilimwita Kalamu Nyekundu. Yeye alidhani ni sifa.

"Kuidhinisha ni kazi ya karani," alipenda kusema. "Kurudisha ndiyo kazi ya msomi."

Tusimlaumu peke yake. Aliyemsimamia shahada ya uzamivu alimrudishia tasnifu mpaka nywele zikaanza kumtoka, na badala ya kumchukia mtu yule, akamwiga. Ndivyo elimu inavyorithishwa kwenye majengo yale.

Basi chuo kikaamua kwamba kila idara ijenge tovuti yake kwenye mfumo mmoja, wenye kiolezo kimoja, rangi zilezile na nembo ileile, ili idara zisiendelee kuonekana kama vibanda vya soko vilivyojengwa kila mtu kivyake. Mafunzo yalifanyika kwenye chumba cha kompyuta. Kalamu Nyekundu aliombwa ayafungue, akayafungua kwa hotuba ndefu kuhusu umuhimu wa mafunzo, kisha akaondoka kabla mafunzo hayajaanza. Kwa hiyo hakuwepo mkufunzi aliposema lile jambo moja ambalo lingemwokoa: kwamba ukurasa mpya usipoidhinishwa, dunia inaendelea kuona ule wa zamani.

Aliyekuwepo ni mhadhiri msaidizi mmoja, dada mwembamba ambaye siku moja, kwa bahati mbaya, alifanikiwa kuiwasha projekta iliyowashinda wote. Tangu siku hiyo kila kitu chenye waya kililetwa kwake, hata birika la chai la ofisini. Walimwita Fundi, ingawa alisomea utawala kama wao. Kazi ya tovuti ikamwangukia yeye. Kalamu Nyekundu mwenyewe aliomba jambo moja tu: Fundi awe mwandishi, na mwidhinishaji awe yeye peke yake.

"Neno halitatoka idarani humu bila kupita machoni pangu," alisema. Wahadhiri wakatikisa vichwa kukubali, maana walikuwa na njaa na kikao kilikuwa kimepitiliza.

Haya yote yangekuwa ya kuchekesha tu kama isingekuwa kwamba Mkuu wa Kitivo alikuwa anastaafu. Kalamu Nyekundu aliitaka nafasi ile mpaka ikawa inamkosesha usingizi. Aliitaka ofisi ya ghorofa ya juu yenye zulia, alilitaka gari lenye dereva, lakini zaidi ya yote alitaka idara zote za kitivo zilete karatasi zao chini ya kalamu yake. Wakwe zake alikwishawaambia, na hata suti ya siku hiyo alikwishaishona. Kamati ya uteuzi ilitangaza kwamba itapima idara ya kila mgombea kwa jinsi inavyoonekana na watu wa nje, na mlango wa watu wa nje ni tovuti. Alipolisoma tangazo lile alisugua viganja.

Fundi akajenga. Aliweka kozi, sifa za kujiunga, ratiba na wasifu wa kila mhadhiri. Juu kabisa akaweka salamu za Mkuu wa Idara na picha yake. Kisha akabofya kitufe cha kutuma, na ukurasa ukafika kwenye kompyuta ya mkubwa ukiwa na vitufe viwili chini yake. Cha kijani kiliandikwa Idhinisha, chekundu Rudisha kwa Marekebisho.

Hata huna haja ya kuuliza.

Mara ya kwanza salamu zilikuwa fupi mno. Ziliporefushwa, zikawa na maneno mengi. Zilipofupishwa akauliza hadhi imekwenda wapi. Picha ya kwanza ilimzeesha na ya pili ilimfanya aonekane kijana, jambo ambalo si zuri kwa profesa. Ya tatu ilikuwa na mti nyuma yake ambao haukuwa umepogolewa. Kila aliporudisha, Fundi alirekebisha akatuma tena, na kila alipoufungua ukurasa, mfumo ulimwonyesha rasimu yote ilivyopendeza, kwa kuwa ndiye aliyepewa kuikagua. Alijiona pale juu akitabasamu. Aliushusha ukurasa taratibu, akaupandisha, akajiona tena. Moyoni mwake tovuti ilikwishatoka zamani, na kilichobaki ni kuipiga pasi.

Fundi akamwendea ofisini.

"Profesa, samahani. Tovuti bado haijatoka."

"Haijatoka wapi? Si hii hapa naiona?"

"Unaiona wewe, na mimi. Watu wa nje wanaona ile ya zamani. Ya Mzee."

Mzee alikuwa Mkuu wa Idara aliyemtangulia. Alikuwa mtu wa kusaini karatasi akiwa amesimama, kofia tayari kichwani. Alistaafu miaka mitatu nyuma, akaenda kufuga kuku, na Kalamu Nyekundu hakupenda jina lake litajwe kabla ya saa sita mchana.

"Binti, mimi nimeanza kugusa kompyuta wewe hujazaliwa."

"Sikatai, Profesa. Ni kubofya tu hicho cha kijani. Ukibofya mara moja, imekwisha."

"Kwa hiyo unataka nipitishe kazi yenye kasoro ili wewe uwahi nyumbani?" Akaegemea kiti. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Fundi akasema, "Haya," akatoka. Wahenga walisema la asiyemsikia mkuu, ila la mkuu asiyesikia walituachia wenyewe tulimalizie.

Nyumbani nako Kalamu Nyekundu hakupata salama. Mkewe alikuwa ameketi na simu, akitaka kuwaonyesha dada zake picha ya mumewe.

"Baba watoto, mbona kwenye tovuti yenu namwona yule mzee wa kuku?"

"Simu yako imechoka."

Kesho yake akamletea simu mpya, ya kioo kikubwa. Mama akaifungua, akatafuta, akatazama.

"Eeh, hii ni nzuri. Sasa naona mpaka mvi zake."

Lakini simu ilikuwa nzuri kweli, na mwanamke mwenye akili hamkosoi mtu aliyemnunulia simu.

Kalamu Nyekundu akaizindua tovuti kwenye kikao cha idara, kwa projekta, kutoka kwenye kompyuta yake mwenyewe. Picha yake ilijaa ukuta mzima. Wahadhiri wakampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: mmoja akasema hajaona tovuti ya namna hii hata ng'ambo, mwingine akasifu tabasamu. Wenye simu chini ya meza waliangalia, wakaona walichokiona, wakazidi kupiga makofi. Mikataba yao ilipita mezani kwa nani? Fundi peke yake ndiye hakupiga. Alikuwa ameshika waya wa projekta, ambao usiposhikwa picha inazimika.

Siku ya usaili ikafika. Kamati ilikaa upande mmoja wa meza ndefu, na katikati alikaa mwenyekiti, mama mmoja mtaratibu mwenye miwani ya kuning'inia. Kalamu Nyekundu aliketi mbele yao ndani ya ile suti.

"Profesa, tumetembelea tovuti ya idara yako," alianza mwenyekiti.

"Karibuni sana."

"Zile salamu za Mkuu wa Idara zimetupendeza. Fupi, zinaeleweka, hazina majivuno."

"Nilizipitia mwenyewe, neno kwa neno."

"Tatizo, Profesa, si zako."

Akaigeuza kompyuta. Mzee alikuwa pale, na mvi zake, akitabasamu chini ya maneno Mkuu wa Idara Anawakaribisha, na namba yake ya simu chini.

"Tuliipiga hiyo namba," aliendelea mwenyekiti. "Ilipokelewa papo hapo. Anasema waombaji wanampigia kila wiki naye anawaelekeza, maana hapendi watoto wa watu wahangaike. Nikamuuliza habari zako. Akasema wewe ni mtu makini sana, tukuvumilie."

Lile neno tukuvumilie lilimkata maini. Aliona aibu, aibu ya mtoto mdogo aliyejikojolea mbele ya wageni, na kama kawaida ya watu wa aina yake aibu haikukaa hata kidogo kabla haijageuka hasira.

"Hii ni hujuma! Kuna binti pale idarani, nilimwamini nikampa kazi—"

"Binti ameimaliza kazi," alidakia mtaalamu wa mifumo aliyekaa pembeni. "Ukurasa mpya upo, tena mzuri. Unasubiri kuidhinishwa na mtu mmoja tu."

Mwenyekiti akavua miwani. Hakuwa mwanamke mbaya, na wagombea wengine, tuseme ukweli, walikuwa dhaifu.

"Hatukukuita tukuaibishe. Mifumo hii inatusumbua sote. Kazi ya Mkuu wa Kitivo ni kuamua mambo yaende. Kompyuta hii hapa. Ingia, idhinisha, sisi tuione, kisha tuendelee na maswali mengine."

Mtu angetaka msaada gani zaidi ya huo? Lango lilikuwa wazi, na walikuwa wanamsukuma aingie. Kalamu Nyekundu akaingiza neno lake la siri. Ukurasa ukafunguka. Kitufe cha kijani kilikuwa chini kulia, na mshale alikwishaufikisha juu yake, jasho likimchuruzika mgongoni. Aliliona zulia la ghorofa ya juu. Aliwaona wakwe zake wakisimama kumpokea.

Kisha akainua macho, mara moja tu, kujitazama.

Tai ilikuwa imelala upande.

Si sana. Aliichagua picha ile mwenyewe baada ya kuzikataa nyingine zote, na hakuwahi kuliona jambo hilo. Sasa aliliona, na hakuona kingine. Dunia nzima ingeiona tai ile. Wageni wangeiona, na maprofesa wa ng'ambo, na yule msimamizi aliyemrudishia tasnifu, kama bado yu hai.

"Bofya tu, Profesa," mwenyekiti alisema kwa upole.

Mkono wake ulisogea wenyewe. Kompyuta ikalia kidogo, na maandishi yakatokea yakasomwa na kamati nzima: Ukurasa umerudishwa kwa mwandishi.

"Ni tai tu," alisema, akitabasamu. "Binti ataiweka sawa sasa hivi."

Mwenyekiti akavaa tena miwani, akafunga faili. "Asante kwa kuja, Profesa."

Alijikuta kwenye korido, suti imemganda mwilini. Lazima mtu alipie, na wa kulipia alikuwa Fundi. Akatoa simu ampigie amfokee, akagundua hana namba yake. Hata ya ofisi ya idara hakuwa nayo, kwani yeye ofisini kwake hupigia watu kelele kupitia mlangoni. Akaitafuta kwenye tovuti, kama mtu yeyote wa nje. Macho yake yalikuwa na ukungu wa hasira, hakutazama picha, aliiona namba tu, akaipiga.

Ilipokelewa papo hapo.

"Idara ya Sayansi ya Utawala, karibu," ilisema sauti ya utu uzima. Nyuma yake kuku walikuwa wakilia. "Nikusaidie nini, mwanangu?"

Kalamu Nyekundu aliiondoa simu sikioni, akaitazama ile namba aliyoipiga.

"Halo? Usiogope. Kama unamtafuta Mkuu wa Idara, yule huwa hapatikani kirahisi. Niambie mimi."