Honi na Taa za Boti ya Faraj

Athmani alikuwa fundi wa redio katika mtaa wa Ndia Kuu, na mwaka ule wa tisini na sita aliziacha redio za watu zishike vumbi, akashughulika na boti ya mbao yenye urefu wa mkono, ya kuendeshwa kwa rimoti. Hakuwa akicheza. Mwanawe Faraj alikuwa rumande. Usiku mmoja boti yake ya kupeleka mabaharia melini iligonga mashua ya makasia, na Priscah, mke wa Kingi wa Tononoka, akafa maji. Kingi alinusurika. Aliiambia mahakama kwamba walisikia honi lakini hawakuona taa yoyote. Faraj akaapa kuwa taa zilikuwa zikiwaka.

"Muongo wewe!" Athmani alimpigia Kingi kelele nje ya mahakama, watu wakisikia. "Mtu asikie honi, asione taa?"

Kingi akaenda zake.

Ndipo Athmani alipoamua kumwonyesha hakimu kwa macho. Mota na rimoti alizitoa kwenye gari la kuchezea lililotoka Dubai. Balbu zilikuwa za tochi. Ya kushoto aliipaka rangi nyekundu ya kucha ya mkewe, Nana, ya kulia akaifunika karatasi ya kijani ya peremende, na nyeupe akaisimamisha juu ya mlingoti. Honi ndiyo iliyomsumbua. Spika aliyoitoa kwenye redio mbovu ililia kama mbuzi, mpaka alipoifungia ndani ya kopo la maziwa, sauti ikawa nzito.

Waliijaribu kwenye birika la msalani, lile tangi la saruji la maji ya kuogea, mlango umefungwa, giza totoro. Boti ilikwenda, taa zote zikiwaka, honi ikalia. Nana akafuta machozi.

"Alhamdulillahi. Mwanangu atarudi." Kisha akainama karibu. "Na hii betri ya pili ni ya nini?"

"Ya honi."

"Faraj alikuwa nayo moja tu, Baba Faraj. Si wewe uliyemgombeza?"

Kweli, alimgombeza. Betri yenyewe ilikuwa kuukuu, na kijana alicheka akasema yatosha. Athmani alijua kwamba wataalamu wangeuliza, naye hakutaka kupeleka kitu cha uongo mahakamani. Akaitoa betri ya pili, akaziunga taa na honi kwenye waya mmoja, kama Faraj alivyofanya, kisha akafunga mlango tena.

Taa ziliwaka vizuri. Akabonyeza honi.

Zikafifia, zikazimika. Alipoiachia, zikarudi. Akabonyeza tena, zikazimika tena. Honi ilikuwa ikiunyonya umeme wote. Faraj, aliyesimama nyuma ya usukani akikodoa macho kule mbele, angezionaje taa zake mwenyewe?

"Irudishe ile betri," Nana alisema gizani.

"Nana..."

"Irudishe! Nani atajua?"

Hakuirudisha. Siku ya kuonana na mahabusu alimweleza Faraj yote, wakitenganishwa na wavu wa chuma. Kijana alisikiliza hadi mwisho.

"Niliibonyeza muda mrefu, Baba," alisema. "Nilitaka wanisikie." Akaegemeza kipaji cha uso kwenye wavu mpaka askari alipokuja kumwondoa.

Kutoka hapo Athmani alikwenda Tononoka na boti kwapani. Kingi alimfungulia mlango bila ya salamu. Athmani aliomba madirisha yafungwe, akamwonyesha.

"Nilikuita muongo mbele ya watu. Niwie radhi, bwana."

Kingi aliomba rimoti, akabonyeza mwenyewe, mara nyingi.

"Priscah alisema tugeuke upande wa pili," alisema hatimaye. "Mimi nilikuwa naisikia, siioni. Nikabahatisha." Akamrudishia rimoti. "Nenda nayo, mzee. Watoto wangu wakaribia kutoka shule. Sitaki waione."

Kikao kilichofuata Faraj alikiri kosa, akafungwa miaka miwili. Hakuna aliyehitaji kuonyeshwa boti. Nana alifunganya nguo zake, akahamia kwa dadake Kibokoni. Wote wawili humtembelea kijana gerezani, kila mmoja siku yake, wasije wakakutana langoni.