Kamba wa Gando Moja

Orval Pruitt alijua. Tuliseme hilo mapema, maana baadaye watu wa bonde lile walimtafutia visingizio mpaka wakachoka: ooh, masikini hakujua, ooh, shimo ni shimo tu. Alijua bwana! Utotoni, yeye na dada yake Lavada walikuwa wakimwaga makapi ya ngano kwenye lile shimo la malisho ya juu, kisha wanashuka mbio hadi chemchemi iliyo chini ya nyumba na kungojea. Kesho yake asubuhi makapi yanatokea kweli, yanaelea juu ya maji yatokayo pangoni, na wao wanapiga kelele za furaha mpaka mama yao anawafokea.

Lakini shimo hilohilo ndilo lililokuwa jalala la akina Pruitt tangu enzi za babu yao. Ng'ombe akifa, shimoni. Jiko likitoboka, shimoni. Karibu kila shamba katika milima ile ya Ozark lina shimo lake, kwa sababu ardhi yenyewe chini imetobokatoboka, na hakuna mtu aliyewahi kuona haya kwa hilo. Basi mwezi wa Machi, Orval akitafuta nafasi ghalani ya kuweka majani makavu, akakuta pipa la dawa ya kuogeshea ng'ombe aliloliacha marehemu baba yake. Lilikuwa limeanza kuvuja. Kulipeleka mjini kwa watu wanaopokea sumu ni safari, halafu ufike uulizwe maswali kama mwizi. Akalibingirisha hadi shimoni, akafungua kifuniko. Makapi ya ngano yalimjia akilini pale pale, akiwa ameinama, na dawa inagugumia kushuka kwenye mawe.

"Aa, ni kidogo tu," alijiambia. "Mvua itaisafisha."

Mvua ikaja, ikaisafisha kweli. Ikaisafisha mpaka kwa dada yake.

Lavada alikuwa mjane, anaishi peke yake kwenye nyumba ya zamani ya wazazi wao, na hakuna kitu alichokipenda duniani kuliko wale kamba weupe wa chemchemi. Si kamba wa baharini, la. Hawa ni wa maji baridi, wana magando marefu membamba, hawana macho ya kuonea wala rangi mwilini, na hawaonekani ila kwenye mapango machache ya milima ile. Mama yao alishika imani ya wazee kwamba chemchemi yenye kamba haikauki, na anayemuua kamba ameua maji. Miongoni mwao alikuwepo mmoja wa gando moja. Lavada alianza kumwona akiwa bado anasukwa nywele na mama yake. Wataalamu wa chuo kikuu walipomwambia kwamba kamba wa namna hii huishi miaka mingi sana, aliwacheka. "Mnaniambia mimi? Huyu kanizikia mume!"

Asubuhi moja akampigia simu mdogo wake. "Orval, njoo." Akakata.

Orval alimkuta amepiga magoti kwenye jiwe la chemchemi, ndoo iko pembeni. Ndani ya ndoo mlikuwa na kamba waliokufa, wamelala migongo chini. Maji yalikuwa na harufu. Orval aliitambua kabla hajafika karibu.

"Umemwona wa gando moja?" aliuliza.

"Bado. Yuko ndani huko, namwomba Mungu awe ndani huko." Lavada alijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Ni yule Kimes. Ni yule mtu wa kuja na mabanda yake ya kuku! Nilisema, sikusema? Uchafu wote ule kule mgongoni mwa kilima, ulidhani unakwenda wapi?"

Doyle Kimes alikuwa amehamia mwaka uliotangulia na mkewe. Mtu mpole, kosa lake ni kwamba hakuzaliwa pale. Orval alilitazama lile pango. Ulimi ulikuwa tayari, neno lilikuwa pale pale mdomoni. Kilichomtoka ni kingine.

"Huenda," alisema.

Huenda! Neno dogo kama hilo, na ndilo lililomla zaidi ya lile pipa. Maana Lavada alilibeba kama ushahidi. Kufika Jumapili, kanisa zima la Baptisti lilikuwa linajua kwamba hata Orval, mtu asiyesema ovyo, anasema ni Kimes. Wanaume waliokuwa wakinywa kahawa dukani wakawa wananyamaza Doyle akiingia. Majani yake yalipokatwa hakuna aliyekwenda kumsaidia kufunga matita, yakanyeshewa. Kwenye chakula cha pamoja cha kanisa, mkewe alileta pai ya matunda ya pichi, akaiweka mezani katikati ya maharage na mkate wa mahindi, na ikarudi nyumbani haijatiwa kisu. Orval aliiona pai ile. Anapenda pai ya pichi kuliko chochote. Aliipita pembeni, sahani mkononi, na wala hakuthubutu kumtazama yule mama usoni. Mwoga we!

Alikonda. Lavada alidhani ni huzuni ya kamba, akawa anampelekea supu.

Ikafika Jumapili ya kutawadhana miguu. Kila mwaka maji yake yalitekwa kwenye chemchemi ya akina Pruitt. Safari hii yalichotwa bombani, na mchungaji alipolitangaza hilo, vichwa viligeuka kumtafuta Doyle Kimes. Alikuwa amekaa benchi la nyuma, mikono magotini.

"Kama una neno na ndugu yako," mchungaji alisema kama asemavyo kila mwaka, "limalize kwanza, ndipo uvue viatu."

Wanawake wakaenda upande wao, wanaume wao. Wakaanza kuchaguana, huyu na huyu, mpaka Doyle akabaki amesimama na beseni lake na taulo kiunoni, kila mtu amempa mgongo. Orval naye alikuwa amebaki, kwa sababu alikuwa hajathubutu kuvua viatu. Doyle akamjia.

"Ndugu Orval, utaniruhusu? Najua unavyonifikiria."

Akapiga magoti. Akamfungua kamba za viatu kwa mikono yake mwenyewe, akamvua soksi, akaushika mguu wa mzee yule na kuutia majini polepole, kama mtu anayemwogesha mtoto.

"Usinioshe," Orval alisema.

"Hapana, acha niku—"

"Usinioshe, bwana! Ni mimi." Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, ikafika hadi upande wa wanawake. "Dawa ya ng'ombe ya baba. Niliimwaga shimoni, mwenyewe, kwa mikono hii. Huyu hajafanya kitu. Nimewaacha mmseme, na hajafanya kitu."

Doyle alibaki ameushika ule mguu. Maji yalimchuruzika viwikoni. Orval akangoja aondoke, au amtemee mate.

"Lete na wa pili," Doyle alisema mwishowe.

Upande wa wanawake benchi lilisukumwa. Lavada alitoka nje pekupeku, miguu imelowa, hakumtazama mtu.

Orval alimkuta chemchemini. Alisimama mbali kidogo, viatu mkononi, analia waziwazi.

"Dada."

"Makapi ya ngano, Orval." Hakugeuka. "Tulikuwa tunayangoja hapa. Hapa hapa!"

"Najua."

"Unajua! Nami nimekuletea supu!"

Lavada akainama, akachukua kitu kilichokuwa juu ya jiwe, kimefunikwa na leso yake ya kanisani. Akakiweka kwenye viganja vya mdogo wake, akafunua. Alikuwa mweupe kama chumvi, ana gando moja tu. Orval hakuamini jinsi alivyokuwa mwepesi.

"Alitoka leo asubuhi, kabla ya ibada. Nilikuwa nasubiri tukitoka nikwambie, tulie wote." Lavada alijifunga sweta vizuri, akaanza kupanda kwenda nyumbani. Alipofika mlangoni akageuka. "Chukua jembe umchimbie kaburi. Na usithubutu, Orval, nakwambia usithubutu kwenda kumtupa kule shimoni."