Sekunde Ishirini

Fundi Miwani alisifika kwa jambo moja: kitu akikichovya dhahabu yeye, kinazeeka pamoja na mwenyewe. Ndiyo maana dada yake, aliyekaa mezani kupokea wateja, hakuelewa kabisa kwa nini saa ya mteja wao Mwalimu haishiki dhahabu. Hii ilikuwa mara ya nne tangu mwaka uanze, na kila ikirudi bangili inayoishika mkononi imebabuka, pingili za karibu na kishikizo zinaonyesha chuma cheupe.

"Leo uichovye kikamilifu, mdogo wangu," alisema dada, "la sivyo nitamwambia mimi mwenyewe atafute fundi mwingine."

Miwani akaichukua saa. Siri yake ilikuwa ndogo lakini ya aibu. Bangili ya namna ile hutaka dakika sita ndani ya maji ya dhahabu. Yeye alikuwa akiipa sekunde ishirini, basi, ing'ae kiasi cha kumfikisha Mwalimu nyumbani na kumrudisha. Mwalimu alikuwa mjane, mstaafu wa kufundisha kemia, na kicheko chake kilianzia puani. Miwani, aliyefiwa na mke miaka saba iliyopita, alimpenda hadi akawa hana haya na kazi yake mwenyewe. Tatizo ni kwamba mbele yake ulimi uliganda, akabaki kuongelea pingili tu. Sasa akiichovya sawasawa, hatamwona tena kwa miaka kumi. Asipoichovya sawasawa, dada atampeleka Mwalimu kwa fundi mwingine. Kwa vyovyote vile, leo ilibidi aseme.

Akaitenganisha bangili na saa, maana saa yenyewe haipatani na maji, akaiweka chini ya lenzi. Hapo akasita. Bangili inayoliwa na mkono wa shati huchakaa polepole, kwenye kingo, bila mpango wowote. Hii ilikuwa na mikwaruzo iliyonyooka, yote ya upande mmoja, mithili ya sufuria iliyosuguliwa na mtu mwenye hasira. Akachokoa kati ya pingili mbili kwa sindano. Ikatoka chembe nyeupe. Akainusa, ikanukia mnanaa.

Ilikuwa dawa ya meno. Kumbe mwenzake naye alikuwa akijitahidi.

Miwani alicheka peke yake mpaka miwani ikamdondoka, na dada alipouliza kuna nini, alijibu kwamba ni meno. Dada akafungua dirisha, akidhani dawa za karakana zimempanda kichwani.

Miwani akaisugua bangili mpaka mikwaruzo ikaisha, akaiosha kwa sabuni hadi maji yakawa yanatandaa juu yake bila kujikusanya matone, akaitundika kwa waya wa shaba, akaizamisha na kuwasha umeme. Sekunde ya ishirini mkono wake ukainuka wenyewe kwa mazoea. Akaurudisha chini. Aliipa dakika sita, kisha akaiongezea ya saba kwa raha zake.

Mchana Mwalimu akaja, akaivaa saa, akaugeuzageuza mkono. Miwani akamweleza kwamba safari hii ameichovya hasa, haitabanduka leo wala kesho.

"Itadumu muda gani?" akauliza Mwalimu.

"Miaka kumi."

Uso ukamshuka Mwalimu waziwazi. "Hata kwa dawa ya meno?" akauliza taratibu, kisha akagundua alichokisema, akajifunika mdomo.

Dada akaacha kuandika risiti.

"Hata kwa hiyo," alisema Miwani. Masikio yalikuwa yakimchoma, lakini ulimi, ajabu, ulikuwa unatembea. "Mwalimu, mimi nilikuwa naichovya sekunde ishirini tu."

"Najua. Nimefundisha kemia miaka thelathini, Fundi. Mara ya kwanza nilikuja kukugombeza, nikakukuta unaziongelea pingili huku hunitazami usoni. Nikaona nisubiri useme. Halafu dhahabu ikachelewa kubanduka, nikaisaidia."

Kicheko kikamtoka puani, na Miwani naye akashindwa kujizuia, wakacheka wakiwa wameegemea meza ileile kila mtu upande wake, machozi yakiwatiririka. Miwani akajifuta, akavuta pumzi.

"Sasa hatuna kisingizio tena," akasema. "Kesho uje bila saa."

"Nije saa ngapi?"

"Nimeshakwambia, Mwalimu. Bila saa."