Kizibao cha Mbwa Asiyebweka

Dunia ya fundi cherehani ilikuwa na upana wa hatua nne: kutoka kitini hadi meza ya kukatia, na kutoka meza ya kukatia hadi kitini. Mkewe alipofariki, miaka miwili iliyopita, hata hizo nne alizipunguza. Aliisogeza meza karibu. Miguu ikaanza kuvimba. Daktari akamwambia atembee kila siku, naye akaitikia kwa adabu zote, akarudi dukani, akakaa.

Binti yake wa pekee, ambaye baba alimwita Kifungo tangu siku alipozaliwa mdogo mno, alikuwa amepata kazi ya ufundi mitambo katika mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa treni. Kifungo aliapa kwamba haondoki mpaka amwachie baba mtu wa kumwinua kitini. Mtu hakupatikana. Ndipo akafikiria mbwa, na si mbwa wa kulala mlangoni kama gunia la mkaa. Alitaka mbwa wa mbio, wa aina ambayo usipomtoa nje, anakutoa wewe.

Nyuma ya nyumba ya daktari wa mifugo mmoja mstaafu, mama mkavu wa maneno, walikuwepo wawili, na mji mzima haukuwa na wa kufanana nao. Wa kwanza, Bubu, alikuwa mwekundu kama kutu, masikio wima, mkia umejiviringa kiunoni, na paji la uso limekunjamana kama la mwalimu anayesahihisha hesabu. Aina yake haibweki. Akifurahi sana hutoa mlio wa bawaba inayolilia mafuta. Wa pili, Sufu, alitoka katika ukoo wa mbwa wa majini: manyoya ya vifundo toka kichwani hadi mkiani, na sauti ya kuamsha mtaa na mtaa wa jirani. Mama yule aliwaonya kwamba wote wawili wanataka saa mbili za mbio kila siku, na wasije wakamrudishia eti kwa sababu kochi limeliwa.

Kifungo alimtaka Sufu. Baba akianguka, alisema, huyu ataita majirani. Yule bubu atamtazama tu na kumsikitikia. Fundi akasema kelele za cherehani zinamtosha. Kisha akasema, lakini Sufu ana macho mazuri. Kisha, lakini Bubu ana kifua cha kukatia koti. Mwisho akatoa tepu yake mfukoni akawapima wote wawili, shingo, kifua, urefu wa mgongo, akaandika kwenye daftari la wateja. Mama wa mbwa aliuliza kama wanawaoza.

Sheria ya mama huyo ilikuwa kwamba mbwa hahami kabla hajashinda siku moja na anayemtaka. Jumamosi ya kwanza akaja Sufu. Alimbwekea kila mteja, kisha akalala juu ya kanyagio la cherehani, na Fundi, badala ya kumwondoa, akakaa kutwa nzima mikono mapajani akimkuna kichwa. Jumamosi ya pili akaja Bubu. Kabla chai haijapoa alikuwa ameshaiba tepu na kutoka nayo mbio. Fundi akamfuata na ndala zake, mtaa wa kwanza, wa pili, hadi uwanja wa mpira, akarudi jasho linamtiririka, tepu ina alama za meno, naye anacheka. Kifungo hakuwa amesikia kicheko kile kwa miaka miwili. Pale pale akamsahau Sufu.

Baba hakukubali wala hakukataa. Aliomba wiki moja. Wiki ilipoisha akasema amebakiza kufikiri kidogo tu. Wiki ya tatu ikafika barua ya pili ya kazini: Kifungo asiporipoti Jumatatu, nafasi atapewa mwingine. Fundi akaisoma, akaikunja vizuri, akasema Ijumaa atatoa jibu, bila wasiwasi.

Ijumaa asubuhi akaingia mwalimu aliyekuja kufuata suruali yake kwa mara ya nne.

"Nimebakiza vifungo tu, mwalimu," Fundi akasema. "Pita jioni."

Kifungo alikuwa anafagia. Ufagio ukasimama. Alikuwa amekulia chini ya meza ile, akawadanganya wateja kwa maneno hayo hayo kabla hata hajajua kusoma, na leo, mtu mzima na cheti chake cha ufundi, amelishwa hayo wiki tatu akameza. Kama suruali imebakiza vifungo tu, basi haijakatwa. Kufikiri je?

Mwalimu alipoondoka, Kifungo akafungua kabati la vitambaa kuhakikisha. Suruali kweli haikuwepo. Chini ya vitambaa kulikuwa na kizibao kidogo cha buluu, kina bitana, kimeshonwa hadi mshono wa mwisho, kimeachiwa kitambaa cha vidole viwili cha kupanulia mwenyewe akinenepa. Kwenye kikaratasi kilichobanwa na pini paliandikwa Bubu, na tarehe ya siku ile ya kupimwa. Ndiyo nguo ya kwanza katika historia ya duka lile kuwahi siku yake, na mwenye duka ameificha.

"Hii ya nani, baba?"

"Ya mteja."

"Mteja wa miguu minne?"

Fundi akavua miwani, akaanza kuifuta ilhali haikuwa na vumbi. "Nilimchagua siku ile ile," akasema. "Ila yeye akiingia, mwanangu, wewe unatoka."

Kifungo akaketi sakafuni karibu na kanyagio. Akataka kumkasirikia, hasira haikuja. Akamwambia kwamba kila aliposikia bado, naye moyoni alishukuru, kwa kuwa ilikuwa wiki nyingine ya kufagia pale.

"Kumbe tunadanganyana wawili," Fundi akasema. Akamshika kichwa kidogo, kisha akatafuta viatu vyake. Kifungo alijitolea kwenda kumchukua mbwa kwa baiskeli. Baba akakataa, alisema huyo anamfuata mwenyewe, kwa miguu.

Jumapili Fundi na Bubu walimsindikiza stesheni. Kuagana hakukuwa kama Kifungo alivyokuogopa, maana Fundi alikuwa bado amemshika binti yake mkono pale Bubu alipoona njiwa; Bubu akamfuata njiwa, na Fundi, kamba mkononi, akamfuata Bubu. Treni ikaondoka bila wa kuipungia.

Ilipofika pale reli inapokwenda sambamba na barabara, Kifungo akawaona. Mbwa mbele, kamba imekaza, baba nyuma, hatua ndefu, hata hakuitazama treni. Kupitia kioo hakusikia neno, lakini midomo ya baba haikutulia: alikuwa akigombana na mtu, mtu wa miguu minne.