Kadi ya Jumatano Kuu

Kadi ya Herminia Dimapilis ilisema kwamba Jumatano Kuu alikuwa kazini. Aliingia saa moja kasoro dakika nane asubuhi, akatoka saa moja na dakika nne jioni. Tarakimu zilikuwa za zambarau, zimenyooka, hazina chembe ya haya. Herminia aliishika mbele ya saa ya kugongea kadi asubuhi ya Jumatatu ya Pasaka, wanawake wakimsukuma kwa nyuma. Jumatano ile hakukanyaga kiwandani.

Alikuwa mjini, katika ofisi ya kazi ya serikali, akitia sahihi maelezo yake ya kiapo. Yalikuwa mafupi: kwamba washonaji arobaini na wawili wa kiwanda chao cha mashati, mkoani Cavite, walibaki ovataimu kwa muda wa saa tatu kila jioni na kulipwa saa mbili tu, kwamba mkataba hausemi popote kuwa saa ya kwanza ni ya kufagia nyuzi na haina malipo, na kwamba mwenye shaka atazame kadi. Kampuni ilikuwa imejibu kwamba kadi haziaminiki. Shauri lilipangwa kusikilizwa kesho yake, Jumanne, na kadi zote zingekusanywa leo saa sita mchana ili zipelekwe huko.

Basi shahidi aliyeapa kwamba kadi ni za kweli alikuwa na kadi inayosema uongo juu ya saa ileile aliyokuwa akiapa. Wakili wa kampuni asingehitaji hata kukohoa.

Hakuwa na haja ya kuuliza kwa nini imegongwa. Wanawake wa mstari wake walikijua kifungu cha kumi na nne cha kanuni za kiwanda kuliko walivyoijua sala ya malaika wa Bwana: asiyefika kazini bila ruhusa siku inayotangulia sikukuu hatalipwa sikukuu hiyo, na sikukuu zikifuatana, hatalipwa hata moja. Alhamisi Kuu na Ijumaa Kuu hufuatana kila mwaka. Kwa hiyo kigoda kikionekana kitupu Jumatano, mkono wa jirani huenda kwenye kadi. Washonaji waliuita wema. Kampuni ilikuwa na jina jingine.

Jirani wa Herminia kwenye cherehani alikuwa Pacing Ilagan, mama wa watoto watatu, mume yuko melini na hajaandika barua tangu Oktoba.

"Pacing, ulinigongea kadi?"

"Usinishukuru, shoga. Utaninunulia suman, ule mkate wa wali na nazi."

"Sikushukuru."

"Asubuhi nikagonga, jioni nikagonga. Tulibaki ovataimu sote, nikaona na wewe ubaki, usije ukaonekana mvivu peke yako." Pacing alikata uzi kwa meno. "Haya, ulikuwa wapi? Kama ni mwanamume, awe na gari basi."

"Nilikuwa na ruhusa."

Cherehani ya Pacing ilinyamaza. "Ya maandishi?"

"Ya maandishi. Nakala iko ofisini."

"Na hukuniambia."

"Huna kifua, Pacing."

"Sina kifua! Miaka tisa tunakula bakuli moja, leo sina kifua. Hata mbwa wa getini unamuaga."

Herminia alimweleza alikokuwa na alichoapa, kwa sauti ya chini, mashine zikiwafunika. Alikuwa amekwisha kuzipima njia zote. Kadi ikitupwa chooni, kampuni itasema: mnaona, hata kuzitunza hawawezi. Akinyamaza, kuna mtu atakayeiweka nakala ya ruhusa kando ya kadi. Akisema kweli, kiko kifungu cha ishirini na mbili: anayemgongea mwenzake kadi atasimamishwa siku saba bila malipo au kufukuzwa, kadiri ofisi itakavyoona. Siku saba zilivumilika. Kilichomtisha ni macho ya ofisi.

"Nitasema niligonga mwenyewe," alisema.

"Nawe uko ofisi ya kazi? Kwa mkono wa urefu gani? Wacha upumbavu, dada."

Ilipokaribia saa sita Pacing aliinuka. Herminia alimfuata.

Abundio, karani wa kadi, alikuwa ameweka nyayo juu ya taulo lenye maji. Kila Ijumaa Kuu alitimiza nadhiri ya kutembea peku juu ya lami, na kila Jumatatu alionekana kushangaa kwamba lami huchoma.

"Nimekosea, Bwana Abundio," alisema Pacing. "Nilichukua kadi ya jirani nikidhani ni yangu."

"Asubuhi?"

"Asubuhi."

"Na jioni ukakosea tena."

"Macho, bwana. Umri."

"Na yako ukagonga vilevile, mara zote mbili. Macho hayo yanafanya kazi ya watu wawili."

Hakutabasamu. Alitoa nakala ya ruhusa kwenye faili, akailaza kando ya kadi, akazilinganisha. Nafasi ya kuandika neno "kufukuzwa" ilikuwepo, pana. Abundio alichukua kalamu nyekundu, akaandika: *Hakuwapo, ana ruhusa. Imegongwa na P. Ilagan. Imekaguliwa.* Akatia sahihi na muhuri.

"Siku saba. Kuanzia kesho."

"Na Alhamisi na Ijumaa zangu?" aliuliza Pacing.

"Jumatano ulikuwepo. Utalipwa."

Siku iliyofuata Herminia aliketi katika ofisi ya kazi, mikono ameibana kwa magoti. Wakili wa kampuni alizipekua kadi mpaka akaipata yenye wekundu, akaiinua kwa vidole viwili.

"Kadi zenyewe ndizo hizi."

Ofisa, mama mmoja mwenye mafua, aliipokea, akaisoma pande zote mbili. "Mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu," alisema Abundio.

"Unazikagua zote?"

Abundio alikawia. Wakili alimtazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyesita katikati ya barabara.

"Zote, mheshimiwa. Ndiyo kazi yangu."

"Hizi nyingine hazina wino mwekundu. Kwa nini?"

"Sikuona kosa."

Ofisa aliandika, akaandika tena, akasema uamuzi utatolewa baada ya siku thelathini. Herminia alimtazama Abundio, akitafuta dalili kwamba alijua wino ule ungefanya nini. Abundio alikuwa akizitazama nyayo zake.

Jioni Herminia alimpelekea Pacing suman, akamsimulia yote, isipokuwa jambo moja.

"Siku thelathini," alisema Pacing, akiufungua mmoja kutoka kwenye jani lake. "Mimi zangu ni saba tu. Ukiwa na siri nyingine, shoga, niambie mapema. Nikijua nisichopaswa kusaidia, nitapumzika."

Siri ilikuwepo. Ngazini, wakitoka, wakili alikuwa amemuuliza Abundio jina kamili la Pacing, akaliandika. Herminia alivuta kigoda, akaketi karibu, akamwambia.