Viatu vya Kulalia

Kila Jumapili, kiwanda kikifungwa, Mwalimu Tan hunipigia simu kutoka shule ya bweni ya kwetu kijijini.

"Mama Shuyao, mwanao hajambo. Anakula, anasoma, na tangu Mwaka Mpya hajalia hata mara moja."

"Huyo? Alikuwa akimlilia hata kuku wa kitoweo."

"Basi amekua. Ila hataki kuvua viatu akilala. Wenzake wanamtania, 'Wee askari, vita iko wapi?' Nikimvua, anavivaa tena."

Nikakaa chini. Likizo ya Mwaka Mpya ilipokwisha, nilifanya kama tufanyavyo akina mama wote wa kiwandani: niliondoka alfajiri angali usingizini, nisimwone akilia. Bibi yake aliniambia baadaye kwamba Shuyao alilikimbiza basi peku kwenye theluji mpaka likapotea.

"Mwalimu, mwachie viatu vyake," nikasema. "Mwambie nakuja tena, na safari hii nitamwamsha mwenyewe kabla sijaondoka. Tutalia wote wawili kituoni."

"Nitamwambia," alijibu taratibu. "Lakini mwezi wa tano pia ulinituma nimwambie unakuja, naye akakusubiri langoni siku tatu."